Mwaka Tuliowanyima Kweleakwelea Kivuli

Juzi asubuhi nilikuwa nimekaa nje ya nyumba ya mwanangu hapa Ikungi, nachambua mchicha, nikasikia mvumo. Nikadhani ni lori linatoka Dodoma, maana barabara iko karibu na malori ya siku hizi hayana adabu. Lakini lori lina mwanzo wake na mwisho wake. Huu ulikuwa kama upepo unaopita kwenye majani makavu ya mahindi, shwaaa, unakuja wote kwa pamoja, ukapita juu ya kichwa changu na kivuli chake kikafunika ua mzima kisha kikauachia. Wajukuu wakatoka mbio na simu zao wapige picha. Mimi sikuinua hata macho. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshauacha mchicha, umekunja ngumi, unatafuta fimbo.

Walikuwa kweleakwelea. Nawajua kama ninavyojua vidole vyangu.

Niwaambie kwanza kwamba shule yangu iliishia darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza. Lakini jina likishaingia kichwani mwangu halitoki. Ng'ombe wa baba nawataja wote mpaka leo, kuanzia Mabaka hadi yule tuliyemwita Karani, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusimama pembeni na kutazama wenzake wakila. Kwa hiyo ninayowasimulia hapa si ya kubahatisha. Yalitokea kwetu, upande wa Sepuka, Mwingereza akiwa bado ndiye mwenye nchi, na mimi nikiwa binti ambaye meno ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yamemaliza kuota upya.

Mtu asiyemjua kweleakwelea akionyeshwa mmoja atacheka. Ni kindege. Ukimfumbata kwenye kiganja cha mtoto, kiganja hakijai. Dume, mvua zikiwa zimemkolea, ana mdomo mwekundu kama pilipili iliyoiva, na uso mweusi kana kwamba amechungulia ndani ya chungu cha mboga akapakwa masizi. Kuzunguka masizi hayo ana rangi ya waridi, na wengine rangi ya majani makavu. Jike yeye hana makuu. Ni wa kahawia tu kama nyasi za kiangazi, na wakati wa kutaga mdomo wake hugeuka kuwa wa manjano kama nta. Kuimba, tuseme ukweli, hawajui. Wanapiga kelele tu, chek-chek-chek, kila mmoja anaongea na hakuna anayesikiliza. Bibi yangu alikuwa akisema ndege hawa wana baraza lisilo na mzee.

Kwao ni mbuga ya Wembere. Huko kuna migunga yenye miiba mirefu, na kwenye mgunga mmoja husuka viota mpaka matawi yanainama, vitu vya mviringo vya majani mabichi, mlango pembeni. Chakula chao hasa ni mbegu za nyasi. Mwaka ambao mvua ni nzuri, nyasi hujaa mbegu na wao hawana shida na mtu. Lakini mvua ikikatika mapema, nyasi zinakauka bila kuzaa, na hapo ndipo wanapokumbuka kwamba kuna watu wanaolima uwele.

Na hawaji mmoja mmoja. Wanakuja kama blanketi linalokunjuliwa juu ya shamba. Walio nyuma wanaruka juu ya walio mbele, wanatua, wale waliobaki nyuma nao wanaruka, hivyo hivyo, blanketi linajikunjua lenyewe likielekea mbele. Linapopita, masuke yanabaki kama mikia ya panya.

Mwaka huo mvua ilikatika mapema.

Baba yangu, Ntandu, alikuwa ameandikishwa kwenda kukata mkonge mbali huko, hata hatukujua vizuri ni wapi. Mama yangu Mwajuma alikuwa amejifungua mdogo wangu Idi uwele ukiwa ndiyo unaanza kubeba maziwa. Kwetu mwanamke aliyejifungua hatoki kwenda shambani mpaka siku zake za uzazi ziishe. Anakaa ndani ya tembe, nyumba yetu ya paa bapa la udongo, anakunywa uji, anakandwa. Bibi Mughenyi, mama yake baba, ndiye aliyekuwa akimhudumia. Alipewa jina hilo, lenye maana ya mgeni, kwa sababu alizaliwa siku nyumba yao ilipojaa wageni, na yeye mwenyewe alipenda kusema kwamba hajawahi kuondoka tangu siku ile. Basi aliyebaki wa kupanda ulingoni kuamia ndege alikuwa mimi.

Ulingo wetu ulikuwa katikati ya shamba, miti minne imechimbiwa, juu kuna jukwaa la fito na kipaa cha nyasi. Kutoka juu pale zilitoka kamba za magome kwenda pande zote za shamba, na kila kamba imefungwa debe bovu la mafuta ya taa lenye kokoto ndani. Ukivuta kamba, debe linalia. Nilikuwa pia na fimbo nyororo na tonge la udongo wa mfinyanzi. Unafinyanga kidonge, unakibandika nchani mwa fimbo, unaichapa hewani, kidonge kinakwenda kikilia hadi mwisho wa shamba. Bibi alinipandisha siku ya kwanza akanipa maneno machache tu.

"Ndege hana ghala, mke mwenzangu. Ghala lake ni uvivu wako. Jua likichomoza uwe juu, likizama ndiyo ushuke kwenda kulala. Ukishuka katikati, ushukie chakula na haja. Ulingo hauachwi."

Nilijiona mkubwa. Shamba zima lilikuwa chini ya miguu yangu, harufu ya uwele mbichi wenye umande inapanda, tamu kidogo, kama maziwa yaliyoanza kuchacha, na kila nilichokiona nilikuwa nimekabidhiwa. Uwele ule ndio ulikuwa ugali wetu wa mwaka mzima. Hapakuwa na mwingine.

Shamba letu lilipakana na la Mzee Njiku, na juu ya ulingo wao alikaa binti yake Elizabeti, rika langu. Wao walikuwa watu wa misheni, sisi Waislamu, lakini hilo halikutuhusu. Kilichotuhusu ni ndege. Watoto wa ulingoni walikuwa na desturi ya kuwafukuza ndege kwa nyimbo za kuwapeleka kwa jirani, na ukali wa wimbo ndio ulikuwa sifa yako. Mimi nilianza hivi:

*Wekundu nendeni kwa Lizabeti,*
*uwele wake umeiva, mwenyewe anakoroma.*

Na kweli nikivuta kamba ndege wanainuka, shwaaa, wanatua kwake. Naye hakuchelewa:

*Wekundu rudini kwa Salima,*
*mama yake yuko ndani, shambani kuna kifaranga.*

Kifaranga ndiyo mimi. Wimbo huo uliniuma, nikavuta kamba mpaka ngozi ya kiganja ikachubuka. Tukarushiana ndege hivyo asubuhi na jioni. Mchana, jua likiwa kichwani, ndege waliondoka wenyewe, wakaenda kwenye kichaka cha migunga kando ya dimbwi, upande mashamba yetu yote mawili yalikoishia. Hapo kila mtu alishuka. Watu wazima kwa watoto walisema, ndege kaenda kivulini, na wewe nenda ukale. Hiyo ilikuwa saa ya amani, kama vile tumekubaliana nao.

Baada ya siku chache mistari ya pembeni mwa shamba ilianza kuonyesha mikia ya panya.

Hapo ndipo alipofika Shangazi Hadija, dada yake baba aliyeolewa Issuna, kuja kumwona mtoto. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye macho ya kuona kasoro hata gizani. Alipita kwanza shambani kabla ya kuingia ndani. Nilimwamkia shikamoo kutoka juu ya ulingo, akaitikia marahaba bila kunitazama, alikuwa anatazama masuke.

Niliposhuka kula nilimkuta ndani na mama.

"Wifi, lile shamba linakuondoka," alisema. "Umempandisha mtoto ulingoni, na ndege wanamjua kwamba ni mtoto."

"Anajitahidi," mama akasema.

"Kujitahidi hakupikwi. Kesho kutwa nakwenda nyumbani, nitarudi na shemeji yangu Ihonde. Huyo ni mwanamume, ana sauti, ana mkono. Atakaa ulingoni mpaka mvune."

Mama alimgeuzia mtoto titi la pili kwanza, ndipo akajibu. "Ntandu aliniachia shamba mimi, wifi. Nami nimemwachia Salima."

"Ntandu akirudi atakula jina la Salima?"

Bibi aliendelea kukoroga uji. Nilijua maana ya jambo lile hata nikiwa mdogo. Mwanamke ambaye shamba lake limeokolewa na watu wa ukweni kwa wifi yake hupikiwa hadithi hiyo kila sherehe, mpaka anazeeka. Na mimi ningeshushwa ulingoni mbele ya Elizabeti. Sijui kipi kiliniuma zaidi. Nikausukuma ugali pembeni, nikarudi juu bila kumaliza.

Kwa hiyo siku hiyo, saa ya amani, mimi nilikuwa ulingoni peke yangu. Hakukuwa na anayepiga kelele popote, na ndipo nilipokisikia kile kichaka. Kilikuwa kinachemka kama soko. Ndege walitoka matawini makundi makundi, wakashuka dimbwini, wakanywa wakisukumana, wakarudi kivulini kuchanua mbawa na kuongea. Shingo zao zilikuwa zimetuna kwa uwele wetu. Nikakaa nikawatazama muda mrefu. Jua lilipoinama, waliinuka wote wameburudika kama watu waliotoka kuoga, wakaja moja kwa moja kwangu. Nikawafukuza, wakaenda kwa Elizabeti. Akawafukuza, wakarudi kwangu. Kila walipotua walikula kidogo. Nikaona kwamba mimi na Elizabeti tulikuwa tunawapakulia sahani mbili, hii ikiondolewa wanapewa ile, halafu tunawaacha wakalale mchana ili njaa iwarudie.

Kesho yake, jua lilipofika kichwani na ndege wakaenda kivulini, nilishuka nikaenda hadi chini ya ulingo wa kina Njiku. Elizabeti alikuwa anafungua kitambaa cha chakula.

"Kifaranga kimefuata nini?"

"Kimefuata kunguru anayekoroma," nikasema. "Shuka twende kichakani."

"Kichakani kuna nini?"

"Wamelala. Twende tukawanyime usingizi."

Alicheka mpaka nikaona meno ya mwisho. "Wewe una wazimu. Ndege wakiwa wamelala unawaamsha waje kula?"

"Wakilala wanaamka na njaa na nguvu. Wakikosa kivuli na maji watatafuta pengine. Wewe ungekaa kwenye nyumba ambayo kila ukijilaza unamwagiwa maji?"

Akatafuna kwanza. Elizabeti hakuwahi kufikiri na mdomo mtupu. "Na wakija shambani wakati sisi tuko huku? Baba atanichuna."

"Mimi watanichuna wawili, mama na shangazi," nikasema.

Nadhani hilo ndilo lililomshusha.

Tulifungua debe moja moja kutoka kwenye kamba zetu, tukachukua fimbo na udongo, tukazunguka kwa kunyemelea hadi upande wa kichaka unaotazama mashamba, ili wakiinuka waende mbugani. Hayo tulikuwa tumepanga vizuri. Tukahesabu kwa macho, tukapiga debe na kupiga yowe kwa pamoja. Kichaka chote kililipuka. Sijasikia tena kitu kama kile; hewa ilitikisika kifuani. Wingu likapanda, likageuka, na badala ya kwenda mbugani likapita juu ya vichwa vyetu kuelekea shambani kwetu.

Nilisimama pale debe likining'inia mkononi. Niliuona ulingo wetu mtupu katikati ya uwele, na kile kivuli kikiteremka kuelekea kwake. Walio mbele walishuka mpaka masuke yakainama. Elizabeti akasema kwa sauti ndogo, "Salima, tumekwisha." Miguu yangu ilitaka kukimbia kurudi na kitu fulani kikaikataza. Nilijua nikikimbia watarudi kichakani nyuma yangu.

Wakainuka. Jua lilikuwa kali mno, nao walikuwa wameshiba. Walichotaka ni maji na kivuli. Wakazunguka wakarudi kichakani, na sisi tulikuwa pale. Tukapiga tena. Wakapanda, wakazunguka, wakarudi, tukapiga. Vidonge vya udongo vilikwisha tukarusha mabonge ya matope ya dimbwini. Sauti zilikauka tukabaki na madebe. Mwisho wingu lilipanda juu kuliko mara zote, likasimama kidogo kama linashauriana, likaelekea Wembere likawa uzi, kisha likawa si kitu.

Jioni ile walikuja wachache. Kesho yake wakaja kujaribu kichaka, wakatukuta. Siku iliyofuata Mzee Njiku mwenyewe alituona, akatuuliza tunafanya nini, Elizabeti akamweleza. Mzee akavuta tumbaku yake akakitazama kichaka, kisha akatuletea ngoma moja ya zamani, akakaa nayo chini ya jua akiipiga kama mtu aliye harusini. Hawakurudi tena mwaka huo. Wapo waliosema labda nyasi za Wembere zilikuwa zimepata mbegu. Huenda. Lakini wenye mashamba ya mbele yetu walikuwa na kichaka chao na saa yao ya amani, nao walivuna mabua.

Shangazi Hadija alirudi na Ihonde kama alivyoahidi, ila alichelewa wiki kadhaa. Alikuwa kweli mwanamume mwenye sauti na mkono. Alikuta tunakata masuke. Bibi Mughenyi akampokea vizuri, akampa maji ya kunywa, akamkabidhi kikapu kikubwa kuliko vyote, akamwambia, "Karibu baba, mkono wako tuna kazi nao." Ihonde akabeba uwele kupandisha juu ya paa la tembe siku nzima. Shangazi alikaa mlangoni akivunja suke moja baada ya jingine mkononi, akitafuta kasoro. Jioni aliniita. "Salima, njoo ule hapa na mimi." Kwa mwanamke yule, hayo yalikuwa maneno mengi.

Kwa miaka mingi nilijisifu juu ya siku ile. Nilisema sisi watoto wawili tuliwaweza kweleakwelea, hakuna mkubwa aliyejua, ulingo ukiwa wazi na mama amelala ndani na mtoto. Niliwasimulia hivyo rafiki zangu, na mume wangu Hamisi nilimsimulia mpaka akawa anamalizia yeye.

Nikaja kujifungua mtoto wangu wa kwanza, Ramadhani, nami nikawekwa ndani. Mama alikuja kunitunza. Siku moja nikawa nalalamika kwamba siruhusiwi hata kutazama shamba langu, sijui linakwendaje. Mama alikuwa ananikanda mgongo. Akasema, "Panda paa."

Nikamwambia mama, mzazi hapandi ngazi.

"Mimi nilipanda," akasema. "Siku ile saa ya kula hukuja, na madebe yakalia mahali pasipo pake. Mwenye shamba anajua sauti ya shamba lake hata akiwa amefungiwa. Nikamfunga Idi mgongoni, nikapanda. Mama mkwe aliniona akageukia chungu chake."

Mikono yake haikusimama. Akaniambia aliuona ulingo mtupu. Akaliona wingu likiteremka juu ya uwele wake. Akatuona sisi wawili kule mbali tumesimama kando ya kichaka, wadogo kama visiki. Shangazi Hadija naye alikuwa ametoka ndani, amesimama chini ya ngazi, akamwuliza, "Wifi, unaona nini huko juu? Mtoto yuko ulingoni?"

"Ukamwambiaje?" nikauliza.

"Nikamwambia mtoto yuko kazini."

Nilitaka kugeuka nimtazame, akanisukuma bega nilale vizuri. Nikamwuliza kwa nini hakuniita. Sauti yake ingefika, shamba halikuwa kubwa. Akasema kama ningeitwa ningekuja mbio, maana nilikuwa mtoto mtiifu, na angekuwa na mtoto mtiifu na mabua. Akashuka ngazi akaenda kumnyonyesha Idi, na mchana wote hakutoka tena kutazama. Alisema hilo la kutotazama ndilo lililomtoa jasho.

Nimezaa saba, nimewakabidhi ng'ombe, mashamba, wengine hata nyumba. Kila mara mikono yangu imewasha kuwaita warudi. Najua sasa uzito wa mguu wa mwanamke anayeshuka ngazi ile, chakula cha mwaka kiko chini ya ndege, na amekishika kwa kunyamaza tu. Elizabeti na mimi tulipiga madebe. Tulifanya vizuri, wala sijirudi. Lakini nikihesabu waliolilinda shamba lile, namtaja kwanza Mwajuma, aliyepanda paa akaona, akasema niko kazini.